Kisa cha There's a Riot Goin' On: hivi kweli wahakiki waliikataa?

Kila mtu akianza kuongelea albamu ya There's a Riot Goin' On ya Sly and the Family Stone, bendi ya Marekani, utasikia stori ile ile, kwamba ilitoka 1971, wahakiki hawakuielewa, wakaiponda, alafu miaka ikaenda dunia ikazinduka ikakuta kumbe ilikuwa kazi kubwa. Stori tamu, ina msanii aliyeonewa na ina watu wa kalamu wanaokuja kuumbuka baadae. Shida ni kwamba ukikaa ukapanga matukio moja baada ya jingine haikai sawa. Albamu imeingia sokoni Novemba 1971, ikapanda mpaka namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na kwenye chati ya soul nako namba moja, ikapata cheti cha dhahabu, singo yake ya Family Affair ikakaa kileleni wiki 3 mwezi wa 12, na wahakiki wenyewe walipopiga kura yao ya mwisho wa mwaka, ile ya Pazz & Jop, ikashika nafasi ya 7. Sasa kama huko ndo kukataliwa basi na mimi naomba nikataliwe hivyo hivyo.

Lakini sisemi stori imetungwa yote. Kuna watu iliwaudhi kweli. Robert Hilburn wa Los Angeles Times hakuona humo ndani kitu kikubwa cha kumpotezea mtu muda. Vince Aletti kwenye Rolling Stone aliandika wazi kwamba mwanzoni aliichukia kwa unyonge wake, haina nguvu, alafu taratibu akaanza kuiheshimu kwa ukweli wake. Na hapo ndo penye kisa chenyewe kwa maoni yangu, maana haya malalamiko ya 1971 na sifa za leo zinaongelea vitu vile vile kabisa. Mashine badala ya mpiga dramu, sauti yenye ukungu, mwimbaji anayeimba kama mtu alolala nusu. Masikio yalisikia sawa tangu siku ya kwanza, kilichobadilika ni kingine.

Ili uelewe kwanini watu walishtuka inabidi ujue walikuwa wanasubiri nini. Sly, jina la nyumbani Sylvester Stewart, kazaliwa Denton, Texas, mwaka 1943, kakulia Vallejo kule California, kaimba kanisani na ndugu zake, kawa mtangazaji wa redio KSOL, kawa prodyuza, mpaka 1966 anakusanya bendi. Na bendi yenyewe ilikuwa ni ujumbe kabla hata hawajapiga noti moja. Weusi na weupe, wanaume na wanawake, na wanawake hawakuwekwa kwa ajili ya kuitikia nyuma tu, Cynthia Robinson alipuliza tarumbeta na Rose Stone alikaa kwenye kinanda. Freddie Stone gitaa, Jerry Martini saksafoni, Greg Errico dramu, na kwenye besi Larry Graham, yule aliyeanza kupiga nyuzi kwa dole gumba na kuzidonoa kwa vidole, kitu alichokizoea alipokuwa anapiga na mama yake bila mpiga dramu ikabidi besi ifanye kazi mbili. Fanki yote uliyoisikia baada ya hapo ina deni kwa hilo dole gumba.

Mei 1969 wanatoa albamu ya Stand!, Agosti wako kwenye tamasha kubwa la Woodstock usiku wa manane wanaamsha watu waliokuwa wamelala kwenye matope. Ujumbe ulikuwa simama, sote ni watu wa kila siku, njoo tucheze. Everyday People ilishafika namba moja mapema mwaka huo. Kwahiyo mtu wa 1971 akinunua santuri mpya ya Sly alijua anachokitaka, alitaka kuinuliwa.

Ila alisubiri sana. Na huku anasubiri mambo yakawa yanaharibika hadharani. Mwaka 1970 bendi ilikosa kutokea kwenye shoo 26 kati ya 80, yani karibu theluthi moja, watu wamelipa kiingilio wamekaa wanaangalia maspika. Julai 27 mwaka huo ikapangwa shoo ya bure Grant Park mjini Chicago, angalau kuwapoza watu wa Chicago waliokuwa wameshaachwa kwenye mataa siku za nyuma, na hiyo shoo ikageuka vurugu kubwa kabla Sly hajapanda jukwaani, mawe yakarushwa, magari yakachomwa, watu zaidi ya 100 wakaumia wakiwemo polisi. Lawama nyingi zikamwangukia yeye. Lebo yao Epic nayo ikachoka kusubiri ikatoa Greatest Hits Novemba 1970, ambayo ilipanda mpaka namba 2, na kwa namna moja hiyo santuri ilizidisha tatizo maana iliwarundikia watu furaha yote ya zamani kwenye sahani moja, wakakaa nayo mwaka mzima kabla ya kuletewa huu mwingine uji mchungu.

Wakati huo Sly kahamia Los Angeles, kapanga jumba Bel Air, na kazi kubwa ya albamu ikafanyika humo humo ndani, mara nyingi akiwa peke yake. Kokeini na PCP, dawa za kulevya zote, zilikuwa nyingi, wala hilo sio umbea, wahusika wenyewe walisimulia na yeye mwenyewe kaliandika kwenye kitabu cha maisha yake cha 2023. Kulikuwa na presha pia kutoka kwa Black Panther, chama cha siasa cha weusi, kwamba awaondoe wale weupe kwenye bendi na meneja wake David Kapralik, hakuwafukuza, ila Family Stone kama familia ikawa imeshaanza kumeguka. Mpiga dramu Greg Errico akaondoka mapema 1971. Larry Graham alikuwepo kwa jina tu, besi nyingi kwenye ile albamu inasemekana alipiga Sly mwenyewe. Wakawa wanapita wageni, Bobby Womack na gitaa lake, Billy Preston na kinanda cha umeme, Ike Turner pia, mtu anapiga kidogo anaondoka, na kesho unaweza kuta alichopiga kimeshafutwa.

Hapo kwenye kufuta ndo inapotokea ile sauti ambayo watu wamebishana nayo miaka 50. Sly alikuwa anarekodi juu ya alichorekodi, anafuta, anarudia tena, utepe ule ule unapita kwenye kichwa cha mashine mara nyingi mpaka unga wake unaanza kuisha, zile sauti za juu zinafifia, mchakacho unaongezeka. Aliyekua enzi za kaseti analijua hili bila kuelezwa. Mjomba wangu alikuwa na kaseti imerekodiwa kutoka kwenye kaseti nyingine ambayo nayo ilirekodiwa kutoka redioni, ukiipiga besi inasikika vizuri tu ila sauti ya mwimbaji iko kama anaimba kutoka chumba cha pili mlango umefungwa. Sasa fikiria hiyo ndo sauti ya santuri mpya kabisa, imetoka lebo kubwa, umelipa bei kamili. Mhakiki aliyeandika kwamba hii kitu imerekodiwa ovyo hakuwa kiziwi.

Alafu mashine. Badala ya Errico akatumia Maestro Rhythm King, kisanduku chenye midundo iliyopangwa tayari kiwandani, unabonyeza kitufe inakuja bossa nova ya Kibrazili, unabonyeza kingine inakuja kitu kingine. Vile vitu vilitengenezwa kwa ajili ya wapiga kinanda wa hotelini na majumbani wasio na bendi. Kwa mtu wa fanki, muziki ambao roho yake ni dramu na besi kuongea, kumtoa mpiga dramu ukaweka kisanduku ilikuwa kama pilau bila bizari, watu wanakula huku wanaangaliana. Lakini Sly hakukiachia kiende kama kilivyotoka kiwandani, alikuwa anakianzisha mahali ambapo mdundo wake haukukaa pale sikio linapoutegemea, alafu anaupigia besi na gitaa la wa-wa, lile linalolia kama linaongea, kuuzunguka, sehemu nyingine dramu halisi zikaongezwa juu yake. Family Affair ni mfano ulio wazi, kisanduku kinagonga kidogo kidogo kama saa ya ukutani, Preston kwenye kinanda cha umeme, Rose anaitikia, na Sly anaimba chini chini kabisa habari za watoto wawili wa mama mmoja, mmoja anapenda kusoma na mwingine ni mtihani kwa familia, na bado mama anawapenda wote. Ni moja ya nyimbo za mwanzo kabisa kufika namba moja zikiendeshwa na mashine ya namna hiyo. Na upande wa chati ya soul ilikaa namba moja wiki 5, ndefu kuliko upande wa pop. Hii wiki 5 naomba uishike, narudi hapo.

Sasa wahakiki. Nadhani ukiwasoma wale wa mwanzo unaona tatizo lao kubwa lilikuwa ni kulinganisha. Waswahili tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hiyo ndo hukumu iliyokuwa inaelea, kwamba huyu jamaa kasifiwa sana Woodstock, kapata hela, kavimba kichwa, kachelewa miaka miwili na nusu, na alichotuletea ni tembo la maji. Ukiwa na ile picha ya Chicago na zile shoo 26 kichwani unaisikiliza albamu kama ushahidi wa kesi, kila sauti ya uchovu inakuwa inathibitisha kwamba jamaa kamalizika. Na kweli alikuwa anamalizika! Hiyo sehemu wala hawakukosea. Walichoshindwa, wengine wao, ni kutofautisha mtu aliyechoka na wimbo unaoongelea kuchoka, vitu viwili ambavyo kwenye hii albamu vimefungwa kwenye fundo moja kiasi kwamba hata leo sioni mtu anayevifungua vizuri.

Jina nalo liliwachanganya. Inasemekana mwanzo ilikuwa iitwe Africa Talks to You, alafu mwimbaji wa soul Marvin Gaye kapiga hodi Mei 1971 na What's Going On, anauliza kuna nini kinaendelea, na Sly ni kama anamjibu, kuna fujo inaendelea. Ukisoma jina hilo, ukaona na kava, bendera ya Marekani yenye nyekundu, nyeupe na nyeusi badala ya bluu, na majua mahali pa nyota, huku mbele hakuna jina wala maandishi ya msanii, unajiandaa kwa vita. Unaweka sindano, unakuta mtu anajikunyata kwenye kochi. Hakuna ghasia humo ndani, wimbo wenyewe wenye jina la albamu, wa mwisho upande wa kwanza, una urefu wa sekunde sifuri. Sifuri kabisa, umeandikwa kwenye lebo lakini haupo. Kwa miaka mingi watu waliamini hilo lilikuwa fumbo la kuhusu Chicago, wakaandika tafsiri nzito nzito, mpaka 1997 Sly alipoulizwa akajibu tu kwamba hakutaka pawe na fujo yoyote, basi. Mimi hilo jibu linanichekesha kila nikilikumbuka, ila pia ni funzo kwa sisi tunaochambua, kuna siku unachimba kisima mahali ambapo mwenyewe alimwaga tu maji.

Hukumu ya Aletti kwangu ndo bora kuliko zote mpaka leo, na iliandikwa wakati santuri bado ina harufu ya plastiki. Hakuficha kwamba inamkera. Akasema pia, kwa maneno yake makali ambayo sitayarudia hapa, kwamba huu ni muziki mpya wa mjini ambao hauhusu tena kucheza barabarani, unahusu kusambaratika. Akaiweka kati ya albamu muhimu kabisa za mwaka. Kwahiyo mtu mmoja ndani ya ukurasa mmoja kashika mikono miwili, huku haipendi na huku anaitambua, wala hakuhitaji miaka 30 kufika hapo. Mhakiki Greil Marcus naye baada ya miaka michache, kwenye kitabu chake cha 1975, kaipa sura nzima, kaisoma kama kisa cha mtu mweusi aliyepanda juu mno Marekani akagundua bei ya kupanda. Mhakiki mwenzake Robert Christgau kaipa A+, alama ya juu kabisa, na yule bwana alama zake alikuwa bahili kama mwenye duka la jumla. Hao wote ni watu wa miaka ya sabini. Waliokuja baadae, Rolling Stone kuiweka namba 99 kwenye orodha yao ya albamu 500 mwaka 2003 na kuipandisha hadi 82 mwaka 2020, Grammy Hall of Fame 1999, wote wamekuta nyumba imeshaezekwa.

Narudi kwenye zile wiki 5. Tukisema "ilipokelewa vibaya" huwa tunamaanisha na nani? Magazeti ya roki ya wakati ule yaliandikwa kwa sehemu kubwa na vijana weupe waliompenda Sly wa Woodstock, yule wa umoja wa rangi zote. Kilichowavunja moyo ni kumkosa yule. Lakini mnunuzi wa muziki wa soul, ambaye Martin Luther King kauawa 1968, Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther, kauawa kitandani Chicago Desemba 1969, vijana wa mtaani kwake wanarudi kutoka Vietnam na madawa mwilini, huyo hakuhitaji kuelezwa kwanini mwimbaji kachoka. Sidai kwamba kila aliyenunua Family Affair alikuwa anafikiria siasa, wengine ni kwamba besi ni tamu tu na wimbo unachezeka taratibu mkiwa wawili. Ila kama wapokeaji wa albamu ni watu na sio magazeti peke yake basi hii ilipokelewa siku ile ile.

Wanamuziki nao hawakusubiri wahakiki wamalize kubishana. Mwanajazi Miles Davis 1972 anatoa On the Corner na hakuficha kwamba alikuwa anamsikiliza Sly. Mwanajazi mwenzake Herbie Hancock 1973 kwenye Head Hunters ana wimbo mzima anauita Sly. Ukija mbele mpaka albamu ya Voodoo ya mwimbaji wa soul D'Angelo mwaka 2000, ule mdundo unaochelewa kama mlevi anayetafuta funguo na sauti iliyozamishwa kwenye miksi, kochi ni lile lile la Bel Air.

Ambapo sikubaliani na wasifiaji wa leo ni pale wanapochukua kila kasoro wanaifanya ni mpango. Utepe ulioisha unga wanakwambia ni uamuzi wa kisanaa. Hapana bwana, sehemu nyingine ni utepe umeisha unga tu kwa sababu mwenye nyumba hajalala siku tatu. Wimbo wa Spaced Cowboy humo ndani, na ule uimbaji wake wa kurukisha sauti juu na chini kama mchunga ng'ombe wa Uswisi, ni mzaha ambao ungeishia kwenye droo kama kungekuwa na mtu wa kumwambia Sly hapana, na tatizo ni kwamba mtu huyo hakuwepo tena, Errico kaondoka, Graham kawekwa pembeni na mwisho wa 1972 naye akatoka, akaunda Graham Central Station. Na ukisifia uozo kupita kiasi unasahau gharama. Albamu iliyofuata, Fresh ya 1973, ilikuwa safi zaidi na nzuri, baada ya hapo ni mteremko, na Sly kaishi miaka karibu 50 watu wakimsubiri arudi, mpaka amefariki Juni 9, 2025 akiwa na miaka 82. Kwenye tanzia karibu zote hii albamu ilitajwa juu juu kabisa, na karibu zote zikarudia ile stori ya kutoeleweka.

Kama unataka kupima mwenyewe usianze na Family Affair, huo utaupenda tu. Tafuta Thank You (Falettinme Be Mice Elf Agin), singo ya Desemba 1969, iliyofika namba moja, dole gumba la Graham limejaa chumba kizima, huwezi kukaa. Alafu bila kupumzika nenda mwisho wa upande wa pili wa Riot, Thank You for Talkin' to Me Africa, maneno ni yale yale, zaidi ya dakika 7, mwendo umepunguzwa mpaka unadhani umeme umeshuka. Mwaka 1971 kuna mtu alisikia hiyo ya pili akasema wamejirudia, wameishiwa. Mimi nilivyoisikia mara ya kwanza nilienda kuangalia kama simu yangu inaishiwa chaji. Ilikuwa na asilimia 80, nikarudi kukaa, nikaiacha iishe.